Tamko la Watunzi wa Riwaya za Mapenzi Tunaojichapishia Wenyewe



Sisi watunzi wa riwaya na simulizi za mapenzi kwa Kiswahili, tunaochapisha na kuuza kazi zetu wenyewe bila kupitia kampuni ya uchapishaji, tumekutana jijini Dar es Salaam na kukubaliana kutoa tamko hili leo tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani. Tumetoka Tanga, Mwanza, Mbeya, Morogoro na Unguja, na wengine wametuma maoni yao kwa ujumbe wa sauti kwa sababu nauli haikupatikana. Wengi wetu ni wanawake. Karibu sote tuna kazi nyingine ya mchana: yupo mwalimu, yupo muuguzi, yupo mwenye genge la mboga, yupo fundi cherehani. Riwaya huandikwa usiku, kwa simu, watoto wakishalala.

Tunalotaka lisikike ni hili. Hadithi ya mapenzi ni kazi ya mtu, na mtu huyo anastahili jina lake na malipo yake. Leo kazi zetu zinaporwa hadharani, na wanaozipora hawaoni kama wametenda kosa. Tumejiuliza kwa nini, na jibu tulilolifikia ni kwamba uporaji ulitanguliwa na dharau. Kitu kikishaitwa cha kihuni, cha kupotezea muda, cha wasichana wasio na shughuli, hata mtu mwema anayerudisha pochi aliyoiokota barabarani haoni vibaya kukisambaza bila kumlipa mwenyewe. Ndiyo maana tunaanza na dharau kabla ya kufika kwenye sheria.

Mapenzi hayajawahi kuwa jambo dogo katika Kiswahili. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja mpaka Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na nyingi zilikuwa za mapenzi. Shaaban Robert aliona maisha ya mwanamke huyo yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mpaka leo taarabu ikipigwa harusini, mashangazi na wakwe huinuka kwenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu. Mwimbaji wa mapenzi anatunzwa. Mtunzi wa riwaya ya mapenzi anaulizwa kama wazazi wake wanajua anachokiandika.

Riwaya nayo ina historia yake, na historia hiyo inapaswa kuwafanya wanaotudharau wasite. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa shuleni kwa sababu ilizungumza waziwazi juu ya mwili wa msichana na wanaume wanaomwinda. Baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vya fasihi vinavyosomwa na wanafunzi. Kitabu ni kilekile. Miaka ya 1980, karatasi ilipokuwa adimu na maduka ya vitabu yana rafu tupu, watu walikuwa wakiazimana riwaya za Hammie Rajab, Kajubi Mukajanga na Ben Mtobwa mpaka majalada yanachomoka. Mukajanga aliipa riwaya yake jina la Mpenzi, bila kuona haya. Mtobwa hakukaa kungoja mchapishaji amkubali. Alianzisha Heko Publishers, akatoa vitabu vyake. Baada yao yakaja magazeti ya wiki yenye hadithi za kuendelea, na Erick Shigongo akawa na wasomaji waliokuwa wakinunua gazeti kwa ajili ya hadithi, habari wakizisoma baadaye. Sisi tumetoka katika mkondo huo. Hatukuzaliwa na simu janja.

Watu hutuuliza kwa nini hatupeleki miswada yetu kwa wachapishaji. Tunaipeleka. Uchapishaji nchini kwa miaka mingi umeishi kwa vitabu vya shule, na Serikali ilipoirudishia Taasisi ya Elimu Tanzania kazi ya kuandaa vitabu vya kiada katikati ya miaka ya 2010, kampuni nyingi zilipoteza chanzo chao kikuu cha mapato. Mchapishaji aliyebaki anauliza kama riwaya yako inaweza kuingia kwenye mtaala. Riwaya ya mapenzi haiingii. Hatumlaumu, naye ana mishahara ya kulipa. Lakini msomaji wa riwaya ya mapenzi yupo, anaisubiri, ana shilingi elfu mbili mkononi, na hakuna aliyekuwa akimfikia mpaka tulipoamua kumfikia sisi.

Asiyeijua kazi hii huona tokeo tu: ujumbe umeingia kwenye kundi la WhatsApp, Sehemu ya 14, na chini kabisa neno Itaendelea. Tungependa mjue kilichoko nyuma yake. Sehemu za mwanzo hutolewa bure, kwa kawaida Facebook, kwa sababu hakuna atakayelipia hadithi ya mtu asiyemjua. Kila sehemu lazima iishie mahali ambapo msomaji hawezi kuiweka simu chini. Hadithi inapofika patamu, inasimama, na mtunzi anaweka namba ya M-Pesa au Airtel Money. Msomaji anatuma pesa, kisha anatuma ujumbe wa muamala kama uthibitisho. Mtunzi anakagua jina na kiasi, maana wapo wanaotuma ujumbe wa kughushi, halafu anamwingiza kwenye kundi la waliolipia au anamtumia faili la PDF. Aliyelipa saa sita usiku anataka kusoma saa sita na dakika tano. Mtunzi ndiye mhariri, ndiye msanifu wa jalada, ndiye mweka hazina, ndiye anayejibu malalamiko ya msomaji aliyekasirika kwa sababu mhusika aliyempenda amekufa.

Anayechapa kitabu cha karatasi ana safari nyingine. Mpiga chapa anataka malipo ya awali na idadi ya nakala ambayo mtunzi hana uhakika wa kuiuza. Maboksi yanakuja kukaa uvunguni mwa kitanda. Mnunuzi wa Songea au Bukoba anatumiwa kitabu kama kifurushi kwa basi, namba yake ya simu imeandikwa juu ya bahasha, na siku basi likichelewa ni mtunzi anayepigiwa.

Na hayo yote ni pembeni ya kazi yenyewe, ambayo ni kuandika. Riwaya ya mapenzi ni ngumu kuandika kwa sababu msomaji anajua karibu tangu ukurasa wa kwanza kwamba wawili hawa wataishia pamoja. Mtunzi anapaswa kumfanya aitilie shaka imani yake hiyo, tena na tena, bila kumdanganya. Na mapenzi ya hapa kwetu hayatokei mahali pasipo na watu. Kuna barua ya posa na mshenga, kuna mahari na mjomba anayetaka iongezwe, kuna tofauti ya dini, kuna mume aliyekwenda machimbo ya Mererani na simu yake haipatikani, kuna wawili wanaokwenda kupima virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa na mmoja anarudi peke yake. Kuna kodi ya nyumba ya miezi sita inayodaiwa kwa mkupuo. Hatujui riwaya nzuri ya mapenzi ya Kiswahili isiyokuwa na hesabu ya fedha ndani yake. Anayesema kwamba tunaandika ndoto tupu hajatusoma.

Sasa tuseme uporaji unavyofanyika, maana umezoeleka mpaka hauonekani.

Namna ya kwanza ni kusambaza. Mtu mmoja aliyelipia analituma faili kwa dada yake, dada analiweka kwenye kundi la ofisini, na kutoka hapo linaruka. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Makundi na chaneli za Telegram hubeba wengi zaidi. Tuseme simulizi inauzwa shilingi 2,000 na wamelipia watu 60. Hiyo ni shilingi 120,000 kwa kazi ya miezi, na humo mtunzi anatoa gharama ya bando, ya jalada na makato ya kutoa pesa. Wakati huohuo watu elfu moja wameisoma bure, wameipenda, na baadhi yao wanamwandikia kumuuliza ataanza lini nyingine. Kila mtunzi aliyeketi katika mkutano huu amepokea ujumbe wa namna hiyo kutoka kwa msomaji aliyeipata kazi yake kwa njia ya panya. Wanaandika kwa upendo wa kweli, na ndiyo maana tunaamini wanaweza kuelewa.

Namna ya pili ni kuuza cha mwenzio. Mtu ananunua simulizi, anafuta jina la mtunzi, anaweka jalada jipya na namba yake ya simu, kisha anaiuza kwa nusu ya bei. Wengine hubadilisha majina ya wahusika, Rehema anakuwa Nasra, Morogoro inakuwa Dodoma, na mvua iliyonyesha katika sehemu ya tatu inabaki palepale na radi zake. Msomaji akigundua na kumwambia mtunzi halali, mtunzi huyo anapokwenda kulalamika hutukanwa kwenye kundi la mwizi na kutolewa.

Namna ya tatu inatuumiza kwa jinsi ya pekee. Zipo chaneli za simulizi za sauti ambazo huchukua maandishi yetu, mtu mwenye sauti nzuri anayasoma, matangazo yanaingia, na mapato yanakwenda kwa mwenye chaneli. Jina la mtunzi halitajwi, au linatajwa vibaya. Tunaipenda sanaa ya kusimulia kwa sauti. Mama anayepika anaweza kusikiliza, msomaji asiyeona anaweza kusikiliza, dereva wa lori anayekwenda Tunduma anaweza kusikiliza. Wapo wasimulizi walioomba ruhusa na kugawana mapato na mtunzi, na kazi hizo zimefanikiwa. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haiwezekani.

Tunajibiwa kwamba hali ya maisha ni ngumu. Ni kweli, na sisi tunaishi humohumo. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza mwaka 2021, sisi wenye kuuza kitu cha shilingi elfu moja au mbili tulikuwa miongoni mwa walioumia mapema, kwa kuwa msomaji alianza kuhesabu makato kabla ya kuhesabu bei. Ndiyo sababu tunatoa sehemu za mwanzo bure, na wengi wetu tunapokea malipo kwa mafungu. Na tunataka hili lieleweke bila utata: kumwazima mtu kitabu cha karatasi ni jambo tunalolipenda. Kitabu kikitoka kwa dada mkubwa kwenda kwa mdogo, kisha kwa jirani, kimebaki kitabu kimoja, na kila aliyekishika amejua jina lililoko juu ya jalada. Faili linalonakiliwa mara elfu moja kwa dakika ni jambo jingine, na likifutwa jina linakuwa baya zaidi.

Sheria ipo upande wetu, ingawa wengi hawaijui. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu anapoiandika kazi yake, hata kama hajaisajili popote, na ulinzi wa haki zake za kiuchumi unaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Inampa haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyetunga, pamoja na haki ya kuamua nani anakili, nani anatafsiri na nani anageuza kazi yake kuwa mchezo au filamu. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994. Kenya, Oman na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo ni wanachama, kwa hiyo simulizi iliyoandikwa Temeke inalindwa pia Mombasa, Maskati na Lubumbashi. Simulizi iliyoko kwenye simu inalindwa sawa na riwaya yenye jalada gumu. Kuwa mtandaoni hakuifanyi iwe ya kila mtu.

Haki ya mtunzi kutambuliwa inatufikisha kwenye jambo la majina. Wengi wetu tunatumia majina ya utunzi, na tunataka jamii ielewe sababu kabla ya kutuita waoga. Mwanamke akiandika juu ya mapenzi, wapo wanaume wanaoamini kwamba ameyaandika maisha yake na kwamba yuko wazi kwa yeyote. Namba ya simu aliyoiweka kwa ajili ya malipo inageuka mlango wa matusi na picha chafu usiku. Mwalimu anaogopa mkuu wake wa shule, mke anaogopa maneno ya mawifi. Jina la utunzi ni ngao, na sheria inailinda kazi iliyotolewa kwa jina hilo. Lakini mwizi naye anaitumia ngao hiyohiyo dhidi yetu, anatuambia tuthibitishe kwamba sisi ndio wenye jina. Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba kila mwanachama wa chama chetu asajili kazi zake Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kwa jina lake halisi pamoja na la utunzi, na kwamba chama kitatunza nakala ya mswada wa kila mwanachama anayetaka, ikiwa na tarehe ya kupokelewa.

Katika mjadala wetu tuliwataja sana wenzetu wa Kano, kaskazini mwa Nigeria. Tangu miaka ya 1980 wanawake wa huko wamekuwa wakiandika riwaya za mapenzi kwa Kihausa, vijitabu vyembamba wanavyovigharimia wenyewe na kuviuza masokoni. Hafsatu Ahmed Abdulwahid alitoa So Aljannar Duniya mwaka 1980. Balaraba Ramat Yakubu, ambaye aliozwa akiwa mtoto, aliandika juu ya ndoa za kulazimishwa na maumivu ya nyumba ya mitala, na riwaya yake moja ilikuja kutafsiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa India mwaka 2012. Mwaka 2007 gavana wa jimbo, Ibrahim Shekarau, aliviteketeza vitabu vya namna hiyo hadharani katika shule ya wasichana. Wanawake wale waliendelea kuandika. Walikuwa na vyama vyao, walisomana miswada, walijua bei ya mpiga chapa na ya muuza duka. Sisi hatujachomewa vitabu, na tunashukuru. Tunachojifunza kwao ni kwamba mtunzi aliye peke yake hunyamazishwa kwa urahisi, na ndiyo sababu ya chama hiki kuwapo.

Wasomaji wetu hawaishi Tanzania tu. Tuna wasomaji Mombasa na Goma, na tuna dada zetu wanaofanya kazi za ndani Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambao hutuandikia kwamba simulizi ya Kiswahili ndiyo sauti pekee ya nyumbani wanayoisikia kabla ya kulala. Baadhi yao hulipia kupitia ndugu aliyeko Tanga au Kondoa, kwa kuwa hakuna njia rahisi ya kutuma kiasi kidogo namna hiyo kutoka huko. Maduka makubwa ya kimataifa ya vitabu vya kielektroniki nayo yametupa kisogo: kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazopokelewa na Kindle ya Amazon imekuwa na Kiafrikaans, Kiwelisi na Kiayalandi bila ya Kiswahili, lugha ambayo UNESCO inaihesabu kuwa na wasemaji zaidi ya milioni 200 na ambayo tangu 2021 imepewa siku yake ya dunia, tarehe 7 Julai. Tunaiomba Serikali, ambayo imejitwika kazi ya kukieneza Kiswahili duniani, ilipeleke suala hili kwa kampuni hizo kwa uzito uleule inaoutumia kudai Kiswahili kitumike katika vikao vya kimataifa. Lugha inaenea pale watu wanapoisoma kwa hiari yao, na watu husoma hadithi.

Tunao pia wajibu kwa wanaotulipa, nasi tunauweka hapa wazi ili tuweze kudaiwa. Mwanachama atakayepokea fedha za simulizi ataimaliza, au atazirudisha. Chombezo na kazi nyingine zenye mambo ya faragha zitawekewa alama ya umri mahali panapoonekana kabla ya mtu kulipa, na hazitatupwa katika makundi ya wazi wanakoingia watoto. Hakuna mwanachama atakayechukua tamthilia ya Kikorea au riwaya ya mtandaoni ya Kichina, akaipitisha kwenye programu ya kutafsiri, akabadilisha majina na kuiita yake. Tusipoheshimu jasho la mtunzi wa Seoul, hatuna uso wa kudai letu. Hatutaandika maisha ya mtu halisi kwa namna ambayo majirani zake watamtambua bila ridhaa yake.

Na lipo moja ambalo tulilijadili kwa muda mrefu kuliko yote. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ilipothibitisha mwaka 2019, zilisema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Riwaya za mapenzi zinafika kwa wasichana ambao hukumu hiyo inawahusu moja kwa moja, wengine wakiwa na barua ya posa mezani. Kwa hiyo tumekubaliana kwamba katika kazi zetu mtoto hatakuwa mchumba wa mtu mzima na jambo hilo likaitwa mapenzi, wala mwanaume anayemlazimisha mwanamke hatakuwa shujaa anayestahili kusamehewa katika sehemu ya mwisho. Tutaandika kuhusu mambo hayo kwa kuwa yapo. Tutayaita kwa majina yake.

Kwa wasomaji, ombi letu ni fupi. Ukipokea simulizi yetu bila kulipia, tafuta jina la mtunzi, mtumie alau sehemu ya bei, na usiipeleke mbele. Ukikuta imefutwa jina, mwambie mwenyewe au utuambie sisi. Kwa viongozi wa makundi ya WhatsApp na Telegram, mnao uwezo wa kufuta faili na kumwonya aliyelileta. Tunawaomba muutumie, na walio tayari tutawapa sehemu za bure za kuwagawia wanachama wao kwa ridhaa yetu.

Kwa wenye chaneli za simulizi za sauti na watayarishaji wa filamu na tamthilia: tunawakaribisha mezani. Tumeandaa mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaotaja jina la mtunzi litawekwa wapi, mapato yatagawanywa vipi na kwa muda gani. Anayetumia kazi ya mwanachama wetu bila mkataba tutamwandikia barua kwanza. Akikaidi tutaomba kazi iondolewe mtandaoni na tutapeleka shauri mbele.

Kwa COSOTA, tunaomba utaratibu wa kusajili simulizi za kuendelea ambazo hazijakamilika, kwa kuwa wizi huanza sehemu ya kumi ikiwa haijaandikwa, pamoja na dawati linaloweza kupokea malalamiko kwa njia ya simu kutoka mikoani. Kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, inayotoa namba za ISBN, tunaomba maelezo mafupi ya namna mtunzi binafsi anavyoweza kuipata namba hiyo na kuwasilisha nakala zake, yakibandikwa katika kila maktaba ya mkoa. Na tunaomba riwaya zetu zipate rafu humo, maana maktaba yenye wasomaji ina sababu ya kuongezewa bajeti. Kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, tunaomba mafunzo ya uhariri kwa watunzi wanaojichapishia. Wanaotucheka kwa makosa ya tahajia wajue kwamba tunayaona pia, na kwamba mhariri ni gharama ambayo shilingi 120,000 ya mfano wetu haiwezi kuibeba. Kwa waandaaji wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tunaomba riwaya ya mapenzi isomwe na majaji kwa vigezo vilevile vya riwaya nyingine: wahusika, muundo, lugha, ukweli wa maisha. Hatuombi fungu letu la pembeni.

Kwa wanahabari, mnapoandika juu yetu, tusomeni kwanza.

Nakala za tamko hili zitawasilishwa kwa taasisi zilizotajwa katika wiki hii, na mfano wa mkataba utagawiwa bure kwa mtunzi yeyote atakayeuomba, awe mwanachama au asiwe. Wanachama wote wanatakiwa kukamilisha usajili wa kazi zao za zamani kabla ya mkutano mkuu ujao. Walioko mikoani ambao hawawezi kusafiri watume miswada kwa katibu, naye atawawasilishia COSOTA kwa pamoja.

Limetolewa Dar es Salaam, 23 Aprili, na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.